Sauti mu masikio: kijiji cha Eyam na wale wanaokisimulia

Kati ya desturi za watu wa Ulaya ambazo hatuzisemi sana katika vitabu vyetu, kuna ile ya kutembelea kijiji kizima sawa vile mtu anatembelea nyumba ya makumbusho. Mtu anatoka mjini, anafika mahali penye kanisa moja, barabara moja na nyumba za mawe, anavaa vya kusikilizia masikioni, ekuteri kama tunavyosema, halafu sauti ya mtu asiyeonekana inaanza kumuongoza: simama hapa, angalia ule mlango, sasa panda pole pole kuelekea kilima. Uingereza ina vijiji vingi vya namna hii. Tumechagua kusema juu ya kimoja tu, Eyam, wenyeji wanatamka Iim, kwa sababu habari yake inatugusa sisi watu wa mashariki ya Kongo, na tena kwa sababu ile sauti ya masikioni inakuta pale kazi ngumu kuliko zote: kusema mbele ya makaburi ya watu wa kweli, wenye majina yanayojulikana.

Eyam iko mu jimbo la Derbyshire, katika milima ya Peak District, na leo ina wakaaji wasiofika elfu moja. Habari yenyewe wasomaji wengine wameisikia. Mwezi wa Septemba 1665, fundi wa nguo jina lake George Viccars alikufa katika nyumba moja karibu na kanisa. Watu wanasema alikuwa amepokea vitambaa kutoka London, ambako tauni ilikuwa inaua watu kwa maelfu, na vitambaa hivyo vilikuwa na viroboto. Nyuma yake wakafuata wengine wa nyumba ile ile, kisha majirani. Wakati wa baridi ugonjwa ulipungua, lakini mwaka 1666 ulirudi kwa nguvu. Mwezi wa Juni pasta wa Anglikana, William Mompesson, akisaidiwa na pasta wa zamani Thomas Stanley, aliwaomba watu wasitoke mu kijiji, ili wasipeleke kifo kwa jirani zao. Kanisa likafungwa, ibada zikafanywa nje katika bonde linaloitwa Cucklet Delf, watu wakisimama mbali mbali. Wafu hawakupelekwa tena ku makaburi ya kanisa, kila jamaa ilizika watu wake katika shamba lake. Ugonjwa uliisha mwezi wa Novemba 1666. Mompesson mwenyewe aliandika katika barua yake kwamba jamaa 76 ziliguswa na watu 259 walikufa. Bibi yake Catherine alikuwa mumoja wao, alikufa Agosti 1666, na kaburi lake liko mpaka leo katika kiwanja cha kanisa.

Sasa tuseme kidogo juu ya chombo chenyewe, maana kuna wanaofikiri ilianza na simu za mkononi. Hapana. Mu mwaka 1952 makumbusho ya Stedelijk ya mji wa Amsterdam yalikuwa tayari yanatumia mitambo midogo ya redio: sauti moja ilitumwa kwa wageni wote pamoja, basi wote walitembea kama kundi la kondoo, wakigeuza kichwa kwa saa moja. Nyuma yake zilikuja kasete, kisha sidi, na leo programu za simu ambazo mtu anapakua mbele ya kuondoka nyumbani. Kilichobadilika si mashine tu. Zamani sauti ilikaa ndani ya jengo, mbele ya picha au sanamu, leo imetoka nje na kutembea barabarani, inaingia ku mashamba, inasimama mbele ya mlango wa nyumba ambamo mtu anakaa. Katika makumbusho kitu kimetolewa mahali pake na kuletwa kwetu. Hapa kitu kimebaki mahali pake na ni sisi tunaopelekwa, na sauti njo inaamua tupelekwe namna gani.

Tuanze na mazuri, maana yako. Kuna jiwe moja katikati ya Eyam na kijiji jirani cha Stoney Middleton. Ni jiwe la kawaida, kubwa kidogo, liko katika majani, lina vitundu sita juu yake. Mtu akipita bila kuambiwa atalikalia apumzike, basi. Lakini mtu akimwambia sikioni kwamba vitundu hivi vilijazwa siki, na katika siki watu wa Eyam walitia pesa zao ili kuzisafisha, na watu wa upande mwingine walikuja kuchukua pesa na kuacha chakula bila kukutana uso kwa uso, basi jiwe linageuka kuwa kitu kingine. Macho yanabaki ku jiwe, mikono iko huru, mtu anaweza kutia kidole katika kitundu wakati anasikiliza. Kitabu hakiwezi kufanya hivyo, kwa sababu kinavuta macho ku karasi. Ni vile vile ku kisima cha Mompesson, upande wa juu wa kijiji, ambako pesa ziliwekwa katika maji yanayopita. Na inafaa sauti ikumbushe kwamba shefu mkubwa wa eneo, Earl wa Devonshire aliyekuwa na nyumba yake Chatsworth, alisaidia kutoa chakula, maana kijiji kilichofungwa bila chakula hakifungiki hata juma moja. Hiyo tunaijua sisi.

Pale njia inapopanda na mtu anasikia pumzi yake mwenyewe, anaelewa pia umbali. Kutoka barabara kubwa mpaka jiwe ni mwendo, na mwendo ule ule ulifanywa na mtu aliyeshika pesa mkononi akijua kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Kwa hayo yote tunasifu ile sauti.

Lakini shida inaanza pale sauti inapotaka kusimulia habari nzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kuisimulia kama hadithi ya watakatifu. Masimulizi ya namna hii yanapenda shujaa mumoja. Yanamchukua Mompesson, kijana wa miaka 28 hivi, na kumsimamisha mbele ya watu wake kama Musa; watu wote wanasema ndiyo, na kijiji kizima kinakubali kufa. Muziki unapanda pole pole chini ya maneno. Basi, msikilizaji analia, au anajaribu.

Kweli yenyewe ina miba zaidi, na kwa maoni yetu ina utamu zaidi. Mompesson alifika Eyam mu mwaka 1664, yaani muda mfupi tu mbele ya tauni. Alikuwa mgeni. Mbele yake pasta alikuwa ni Stanley, mtu wa upande wa Wapuritani, ambaye alipoteza parokia yake kwa sababu hakukubali sheria ya mwaka 1662 iliyolazimisha mapasta wote kufuata kitabu kimoja cha sala. Watu wengi wa Eyam walibaki wakimpenda yule wa zamani. Ndugu msomaji, wewe unajua parokia ilivyo wakati pasta mpya ametumwa na wakubwa na yule wa kwanza angali anakaa karibu! Watu wanasalimia mpya, lakini shauri wanaenda kuuliza kwa wa zamani. Kama wale wawili wangegombana, hakuna mtu angebaki mu kijiji. Waliacha ugomvi wao wa dini, wakasema maneno mamoja. Kwetu sisi hiyo njo kitu kikubwa cha Eyam, kuliko kukubali kufa, ambako tutasema baadaye kama kulikuwa kukubali kwa wote. Na masimulizi yanayompa Stanley sentensi moja tu, ati «akisaidiwa na», yameangusha njiani kitu cha bei kubwa. (Na sisi hapo juu tulifanya hivyo hivyo kwa makusudi, msomaji aone vile inavyopita bila kusikika.)

Na tena, je, wote walibaki? Hapana. Kuna matajiri walioondoka mapema. Mompesson mwenyewe alitaka watoto wake waondolewe mbele ya kijiji kufungwa, na walipelekwa Yorkshire. Bibi yake alikataa kumwacha. Hatumlaumu baba anayeondoa watoto wake, nani hapa angefanya tofauti? Lakini maskini wa Eyam, wachimbaji wa risasi na wakulima, watoto wao wangepelekwa wapi, na kwa ndugu gani wa mbali? Kwa watu wa namna hiyo kubaki kulikuwa ni kukubali, au ilikuwa ni kukosa njia? Pengine yote mawili pamoja. Sauti ya masikioni haipendi «pengine». Inasema na kupita, kwa sababu kituo kinachofuata kinangoja.

Hata hesabu ya wakaaji inayumba. Zamani watu walisema kijiji kilikuwa na watu 350 hivi, maana yake karibu robo tatu walikufa. Wanaochunguza maandishi ya siku hizi wanaona Eyam ilikuwa na watu zaidi, karibu 700, na basi walikufa kama mtu mumoja katika watatu. Bado ni msiba wa kutisha. Lakini sio habari ile ile: nyuma ya Novemba 1666 walibaki watu wengi, wenye kukumbuka, wenye kugombania mashamba ya wafu, wenye kuoa tena.

Mu mwaka 2006 mwanahistoria Patrick Wallis alichunguza namna habari ya Eyam ilivyosimuliwa toka mwaka 1666 mpaka mwaka 2000, akaonyesha kwamba ile picha ya kijiji kizima cha mashujaa ilijengwa hatua kwa hatua nyuma ya tauni. Kuna mganga Richard Mead aliyeitaja Eyam kwa mfano katika kitabu chake juu ya tauni, mwanzoni mwa karne ya 18. Kuna Anna Seward, mwandishi wa mashairi, aliyezaliwa pale Eyam kwenyewe mwaka 1742. Kuna William Wood, mtu wa kijiji, aliyetoa kitabu cha historia ya Eyam mwaka 1842, akikusanya yale wazee walikuwa wanasema nyuma ya miaka karibu 180. Mengi ambayo mgeni anayasikia leo sikioni kama jambo lililotokea yametoka kwa Wood na wazee wake. Sisi hatuwezi kudharau wazee wake, maana sisi wenyewe tunaishi na maneno ya wazee. Tunasema tu kwamba mzee anapaswa kutajwa. Kwetu ku barza, mtu akisimulia habari ya vita ya zamani, anasema «baba yangu aliniambia», na mwingine anamkatiza: hapana, sisi upande wa mama tulisikia hivi. Msikilizaji anajua maneno yametoka mu kinywa gani. Mashine haikatizwi. Unaweza kuifunga, unaweza kurudisha nyuma, lakini huwezi kuiuliza «nani alikuambia?»

Angalia mfano wa wapenzi wawili, Emmott Sydall wa Eyam na Rowland Torre wa Stoney Middleton. Wanasema walikuwa wanaonana toka mbali, kila mumoja upande wake, bila kugusana, mpaka siku Emmott hakuja tena. Emmott alikufa Aprili 1666. Mbele ya karantini ya Juni, msomaji atusaidie kuhesabu. Basi ile kukaa mbali mbali, kama ilikuwako, wawili walijipangia wenyewe mbele ya pasta kusema neno, na hiyo ingekuwa habari ya kusimamia pale mu bonde na kuifikiria. Lakini katika masimulizi mengi yote inachanganywa katika chungu kimoja na karantini. Ni vile vile na ule wimbo wa watoto wa Kiingereza, wa kuzunguka na kuanguka, ambao watu wanapenda kuutia mu habari za tauni. Iona na Peter Opie, waliochunguza nyimbo za watoto wa Uingereza maisha yao yote, hawakukubali maana hiyo. Wimbo unaendelea kuuzwa pamoja na tauni kwa sababu unapendeza katika sikio, na chombo cha sikio kinavutwa kirahisi na kile kinachopendeza sikio.

Kuna mahali pamoja ambapo, kama ni sisi tungetengeneza mwongozo, tungeifunga sauti kabisa. Ni Riley, nje kidogo ya kijiji, mu mashamba. Kuna ukuta mdogo wa mawe wa mviringo, na ndani yake makaburi ya jamaa ya Hancock. Mwezi wa Agosti 1666, katika siku nane, Elizabeth Hancock alizika bwana yake John na watoto wao sita. Aliwazika yeye mwenyewe, peke yake, kwa mikono yake. Wanasimulia kwamba watu wa Stoney Middleton walikuwa wanamuona kutoka upande wa pili, na hakuna aliyesogea. Nyuma yake aliondoka kwenda Sheffield, kwa mtoto wake mumoja aliyebaki. Yeye hakupata ugonjwa. Haya ni maneno machache, yanatosha kusemwa njiani, mbele ya kufika. Mtu akifika asikie upepo. Kuna desturi kwetu, na tunafikiri kuna kwao pia, kwamba ku kaburi mgeni anangoja kwanza, hasemi. Kusema kwa sauti ya redio mbele ya makaburi saba, na violini chini yake, ni kukosa adabu hata kama maneno ni mazuri.

Tumesema habari hii inatugusa. Tauni kwetu haijawa hadithi. Kule Ituri, upande wa Rethy, wagonjwa wa pesti walikuwako bado mu mwaka 2020. Kijidudu chenyewe kiligunduliwa na Alexandre Yersin mwaka 1894, dawa zake ziko, na mgonjwa akifika mapema anapona. Kwa sisi, mtu wa Eyam wa mwaka 1666 si mtu wa zamani sana. Ni jirani asiyekuwa na dispansari. Na toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliona Ebola iliyoua watu zaidi ya 2.200. Wasomaji wetu wa Beni, Butembo na Mangina hawahitaji mashine ya kuwaeleza maana ya kukataziwa kuosha maiti ya mama, wala ya kuona watu waliovaa nguo nyeupe wakibeba jeneza. Watu wengi walikataa, kulikuwa na mawe, hata kulikuwa na damu. Mu mwaka 2020 pia, wakati wa Covid-19, magazeti ya Uingereza yalikumbuka Eyam na kuitolea mfano: angalieni, wazee wetu walikubali kukaa nyumbani! Ni hapo tunaona hatari ya ile hadithi iliyosafishwa. Mtu aliyezoea kusikia kwamba kijiji kizuri kinakubali, atawaona wale waliokataa Butembo kuwa wajinga. Angejua kwamba Eyam yenyewe ilihitaji pasta wa zamani anayeaminiwa, chakula kilicholetwa ku mpaka, na bado wenye uwezo waliondoka, angeuliza swali lingine juu ya Butembo: ni nani aliyetumwa kusema na watu, na alikuwa anajulikana kwao tangu lini?

Wala haijathibitika kwamba karantini ilifanya mema tu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 juu ya majina na tarehe za wafu wa Eyam unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa ilipita toka mtu kwa mtu, mara nyingi ndani ya nyumba moja. Kufunga kijiji pengine kuliokoa majirani. Waliofungiwa pamoja na wagonjwa wao walilipa bei yake. Haya mawili yanaweza kusemwa katika dakika moja, msikilizaji si mtoto.

Wengine watatuambia: mnataka sana, chombo hiki ni cha watalii. Tunajibu kwamba chombo kimeshafanya vizuri zaidi mahali pengine. Ku gereza la zamani la Alcatraz, Marekani, toka mwaka 1987 mgeni anasikia sauti za walinzi wa kweli na za wafungwa wa kweli, na hawasemi mamoja. Mlinzi anakumbuka hivi, mfungwa anakumbuka vile, na mgeni anabaki katikati akitembea. Kwetu Lubumbashi, toka mwaka 2000, maprofesa wa chuo kikuu walianza kukusanya kumbukumbu za watu wa mji, wafanyakazi na bibi zao, kila mtu na maneno yake. Watu wa 1666 hawawezi kurekodiwa, ni kweli. Lakini barua za Mompesson ziko, kitabu cha Wood kiko, na wakaaji wa leo wako. Watu wa Eyam wanafanya ibada ya kukumbuka tauni kila mwaka, Siku ya Mungu ya mwisho ya Agosti, na makumbusho yao, yaliyofunguliwa mwaka 1994, yalianza na vitu vilivyokusanywa na mwenyeji, Clarence Daniel. Kwa nini basi sauti ya masikioni iwe mara nyingi ile sauti laini ya mtu wa teatre aliyelipwa, isiyo na harufu ya Derbyshire? Mama mzee wa pale anayesema Kiingereza chake cha kijijini, akikosea tarehe kidogo na kujirekebisha, angetufaa zaidi.

Na wakaaji wenyewe wangekuwa na neno la kusema. Zile nyumba za karibu na kanisa, ambamo Viccars alikufa, zina vibao nje vyenye majina ya waliokufa ndani. Nyuma ya kibao kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mtu anakunywa chai. Wageni wanasimama mbele yake, ekuteri masikioni, macho yamekaa ku kioo, hawasalimii, kwa sababu hawajisikii kwamba wako barazani kwa mtu. Hilo lingerekebishwa kwa sentensi moja tu ya mwongozo: hapa panakaliwa, piga salamu, kisha soma majina kwa sauti ndogo, mamoja mamoja, na ya watoto pia, mbele ya kuendelea ku kituo kinachofuata.